Hakuna Anayekutafuta

Mkufunzi wetu hakuwahi kupaza sauti. Mtu aliyepita nje ya ukumbi na kuisikia ile sauti laini, kama ya mama anayebembeleza mtoto alale, angedhani ndani tunaombewa. Mlinzi wa lango alikuwa akivua kofia kila alipopita dirishani. Ndani, kwa sauti hiyohiyo, Mkufunzi alikuwa anamwambia msichana mzima kwamba mama yake amechoka kumsikiliza, au anamuuliza kijana kwa nini hucheka kwa meno tu.

Tulimwita Mkufunzi kwa sababu yeye mwenyewe alitaka hivyo. Uprofesa aliukataa. "Profesa anajua mambo," alisema. "Mimi nawafundisha kukaa." Jina alikuwa nalo, lilibandikwa hata kwenye ubao wa matangazo, lakini sikumsikia mtu akilitumia, nami sitalitumia hapa.

Chuo chetu cha Gitega kilimleta baada ya mwaka mbaya. Wanafunzi walikuwa wanafeli ovyo. Msichana mmoja alizimia katikati ya mtihani, na walipombeba wakakuta mkono wake umeng'ang'ania simu ndani ya mfuko wa sketi. Wakubwa wakakaa, wakaamua kwamba ugonjwa ni simu na dawa ni mafunzo ya utulivu wa akili. Kila Jumatano mchana, anayetaka aje. Mimi nilikwenda kwa sababu nilikuwa silali. Nilikuwa nimetoka kwetu Muyinga, baba yangu anauza vitenge, na katika ukoo mzima wa mimi Zuhura hakuna aliyewahi kukosa usingizi isipokuwa kwa homa. Mimi moyo ulikuwa unanienda mbio nikiwa nimelala chali, simu kifuani, nikisubiri iwake.

Devota alikwenda kwa sababu nilimvuta. Tulikuwa tunakaa chumba kimoja. Yeye alikulia Tanzania, kambini upande wa Kigoma, akarudi na mama yake wakapewa kipande cha shamba Gishubi. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko chetu sote, na wenzetu walipenda kumwigiza kwa kumcheka. Simu yake ilikuwa na kioo kilichopasuka toka kona hadi kona, na hakuwa anaiweka chini hata akila. Alikuwa anatazama picha za wenzake wa kambini: huyu kaolewa, huyu kafungua saluni, huyu kavaa joho la mahafali. Chini ya kila picha anaandika neno zuri. Wakati mwingine mwenye picha anamrudishia alama ya moyo, na Devota ananionyesha. "Umeona? Bado ananikumbuka."

Mkufunzi mwenyewe hakuwa na simu. Hilo alilitangaza siku ya kwanza, bila kujisifu, kama mtu anayekwambia hali nyama. Chuo kikimtaka, kilimpigia mlinzi wa lango, na mlinzi anatembea hadi nyumbani kwake nyuma ya soko kumwita. Alikuwa mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka kooni, na chupa ya chai aliyobeba kwapani haikuwa na chai, ilikuwa na maji ya moto matupu. Akikupa mkono hakuuachia mpaka umtazame machoni. Siafu wakiingia ukumbini alisimamisha kila kitu, akawafagia kwa karatasi polepole, akawatoa nje wakiwa hai. Bukuru, kijana wa mwaka wetu aliyekuwa na mzaha kwa kila jambo, alisema, "Muzee huyu anahurumia siafu kwa sababu haziko na simu."

Bukuru alilipia mzaha wake. Jumatano moja Mkufunzi alimsimamisha mbele, akamwomba asiseme kitu, akatuomba sisi tumtazame tu. Mwanzoni Bukuru alitabasamu. Kisha akakonyeza jicho. Kisha akaangalia dari, viatu, dirisha. Sisi tunatazama. Mdomo ukaanza kumcheza pembeni, na ghafla yule Bukuru ambaye video zake za kuchekesha zilizunguka Gitega nzima akawa analia kwa kwikwi kama aliyefiwa. Mkufunzi akamwambia taratibu, "Ulikuwa umejificha. Sasa tumekuona. Kaa."

Nami aliniuliza namsubiri nani. Nilikuwa nimeapa kutosema, lakini ile sauti ilikuwa inakutoa maneno kama unavyotolewa mwiba. Nikasema kuna mtu yuko Bujumbura. Akawageukia wenzangu. "Mnaonaje, atapiga?" Akauliza tena, kwa upole, na mmoja akasema hapana, na mwingine hapana, mpaka hapana zikaenea ukumbi mzima. Kuna waliocheka. Mkufunzi hakucheka. "Hakuna anayekutafuta, Zuhura," akasema. "Ukishalijua hilo utalala."

Maneno hayo ndiyo yalikuwa somo lake lote. Hakuna anayekutafuta. Aliyasema karibu kila wiki, kwa kila mtu, kama daktari anayeandika dawa moja kwa kila mgonjwa. Na ubaya wake ni kwamba dawa ilifanya kazi. Yule wa Bujumbura hakupiga. Mkufunzi alinifundisha, nikiwa chumbani usiku, kukaa kwenye mkeka, mgongo umenyooka, simu mbele yangu juu ya sakafu, na kuuangalia mkono wangu unavyoitamani. "Usiukataze. Uangalie tu unavyotaka. Utaona unataka, unataka, halafu unachoka." Nilipokuwa nacheka kwamba ni upuuzi, mkono ukachoka kweli. Kabla ya mvua za mwaka huo kuisha nilikuwa nalala kama mtoto. Mpaka leo nalala. Usingizi wangu ni kazi ya mikono yake, na jambo hilo siwezi kulikana hata nikitaka kumchukia kwa ukamilifu.

Kuna mengine nisiyoweza kukana. Bukuru alipougua malaria ya kichwani, akawa anaropoka na kupigana na kitanda, Mkufunzi ndiye aliyembeba mgongoni mpaka barabarani akasimamisha gari la watu. Alikaa naye hospitali, kwenye sakafu, kati ya vitanda viwili, akila alicholetewa na wagonjwa wengine. Nesi alidhani ni baba yake. Bukuru alipopata fahamu alimkuta Mkufunzi anamfulia shuka kwenye beseni. "Alors, muzee, we iko hapa toka lini?" akamuuliza. Mkufunzi akamjibu, "Toka ulipoanza kusema ukweli. Ulisema mengi. Sikujua unamwogopa kaka yako kiasi hicho." Mtu anakufulia shuka huku anakukata kwa wembe. Bukuru aliponieleza hakujua acheke au atukane. "Ule mutu," alisema, "akikupenda, kimbia."

Wakubwa nao hakuwaachia. Mkuu wa chuo alipokuja kutusalimia, akatoa hotuba ndefu juu ya vijana na simu, simu yake mwenyewe ikaita mfukoni. Akaikata. Ikaita tena. Mkufunzi akamwambia, "Pokea, bwana mkuu. Wewe kuna anayekutafuta, anataka kukuomba kitu." Mkuu akacheka kwa shida, akaondoka, hakurudi tena.

Sasa nieleze habari ya beseni.

Kila tulipoingia tulizima milio na kuweka simu zetu kwenye beseni la buluu, moja juu ya nyingine kama samaki. Mkufunzi analifunika kwa kitenge, na hapo ndipo tunakaa, tunapumua, tunasikiliza. Simu zilikuwa zinatetemeka chini ya kitenge, nawe unajifunza kutogeuza kichwa. Mwisho wa kipindi kitenge kinaondolewa, kila mtu anachukua yake, anasimama, anataja kwa sauti idadi ya meseji na simu zilizoingia. Namba tu, bila maelezo. Kusudi lake, alisema, ni tuone jinsi kitu tulichokuwa tunakihofia kilivyo kidogo.

Kwa wengi wetu ilikuwa mchezo. Bukuru alikuwa anataja namba yake kama mfungaji wa mabao. Devota aliposimama mara ya kwanza alisema, "Hakuna."

"Taja namba," Mkufunzi akasema.

"Sifuri."

"Tena. Usiseme kama unaomba msamaha."

"Sifuri."

Wiki iliyofuata, sifuri. Iliyofuata, sifuri. Mama yake pale Gishubi hakuwa na simu. Ndugu zake walibaki Tanzania na walikuwa na maisha yao. Wenye saluni na majoho walipenda maneno yake mazuri, ila kumwandikia wao hawakuwa na sababu. Ikawa tukifika kwa Devota watu wanainamisha vichwa. Mkufunzi hakuinamisha. Alimtazama, akangoja alitaje, akamshukuru. Mimi nilianza kumwona Devota anasinyaa. Kila Jumanne alikuwa hagusi chakula. Nikamwambia basi tuache kwenda, akakataa. "Nikiacha ataona nimekimbia," akasema. "Na pengine wiki hii."

Bukuru ndiye aliyeleta wazo. Alitukuta tumekaa kwenye ngazi za maktaba, Devota hayupo, akachuchumaa mbele yetu. "Banamuonea huyu dada. Sikieni. Kesho kabla ya kuingia, kila mutu anamutumia meseji. Bote. Anafungua simu, anakuta imejaa. Muzee anakosa la kusema."

Tulifurahi sana. Sijawahi kuona darasa letu likipendana kama siku ile. Watu ambao hawakuwa wanamsalimu Devota waliniomba namba yake. Tuliandika tukiwa tumesimama mlangoni, Devota ameshaingia na kuweka simu yake, tukatia maua na mioyo, tukatuma, tukaingia mbio kuweka simu kwenye beseni. Wengine walipanga meseji ziende zenyewe baadaye, katikati ya kipindi.

Kwa hiyo simu ya Devota ilitetemeka kipindi kizima. Chini ya kitenge iligonga ubavu wa beseni, ikanyamaza, ikagonga tena. Sote tulikuwa tumefumba macho na sote tulikuwa tunatabasamu. Mkufunzi, nilimchungulia, hakuwa anatabasamu.

Kitenge kilipoondolewa Devota alichukua simu yake na kukitazama kioo. Nimeona nyuso za maharusi, nimeona uso wa mama yangu siku kaka alipotoka gerezani. Sijaona uso kama ule. Alisimama bila kuitwa.

"Ishirini na tatu," akasema. Sauti ilimpanda juu.

Bukuru akapiga kofi moja, na darasa likafuata. Mkufunzi akangoja tunyamaze.

"Vizuri. Tusomee moja."

Hatukuwahi kuambiwa tusome. Devota akafungua, bado anacheka. "Dada Devota, uko mrembo, uwe na siku njema."

"Imetoka kwa nani?"

"Kwa Bukuru."

"Bukuru yuko wapi?"

Devota akamwangalia Bukuru. "Yuko hapo."

"Nyingine."

"Devota, tunakupenda, Mungu akubariki."

"Ya nani?"

Akataja. Mwenyewe alikuwa safu ya mbele.

"Nyingine."

Alisoma zote. Kila meseji ilikuwa na mwenyewe mle ndani, na kila mwenyewe aliangalia sakafu jina lake lilipotajwa. Yangu ilikuwa katikati. Nilikuwa nimeandika, "Nakupenda dada yangu." Aliisoma kwa sauti ileile aliyosomea nyingine, akataja jina langu, akaendelea. Kufikia ya mwisho alikuwa hana tena sauti, midomo tu inacheza.

Mkufunzi akainuka kutoka mkekani, akamsogelea, akamwekea mkono begani. Nadhani alidhani anamsaidia. Hata leo nadhani hivyo. "Wamekuonea huruma, mwanangu," akamwambia. "Afadhali sifuri. Sifuri ilikuwa yako."

Kisha akarudi kwenye mkeka. "Tufumbe macho," akasema. "Tupumue."

Nasi tukafumba macho, tukapumua. Watu zaidi ya ishirini, vijana wenye afya, hakuna aliyenyanyuka kumwambia yule mzee neno. Tulivuta hewa na kuitoa kama tulivyofundishwa, na nilipofumbua macho Devota alikuwa ameshatoka.

Nilimkuta chumbani amekaa kitandani.

"Nani alianza?" akaniuliza.

"Bukuru. Alitaka kukusaidia, Devota. Sote tulitaka."

"Najua." Akakikuna kioo kilichopasuka kwa ukucha. "Wewe kitanda chako kiko hapo, changu kiko hapa. Kama unanipenda, si ungesema tu?"

Aliitoa laini kwenye simu, akaikunja kwa meno mpaka ikaalika, akatoka nayo kwenda chooni. Aliporudi alijifunika shuka akageukia ukuta. Aliacha kwenda darasani, na chakula nilichomletea nilikikuta kimeota ukungu chini ya kitanda. Siku moja nilipotoka kwenye somo la takwimu godoro lake lilikuwa limekunjwa na kufungwa kamba, na begi halipo.

Nilikwenda kwa Mkufunzi. Alikuwa nyuma ya nyumba yake anamwagilia kabichi kwa kopo.

"Devota ameondoka," nikasema.

"Mlinzi ameniambia."

"Ni wewe uliyemfukuza."

"Ni mimi," akasema. "Na ninyi. Mlimpa kitu cha uongo, mimi nikamnyang'anya. Ungependa agundue lini? Akiwa mtu mzima, na watoto, anamsubiri mtu asiyekuja?"

"Ungeweza kumwambia akiwa peke yake."

Kopo lilikuwa limeinama, maji yanamwagikia kabichi moja tu, udongo unachimbika mpaka mizizi ikaonekana. Hakuliinua. "Jumatano njoo," akasema mwishowe. "Usiache kwa hasira." Sikwenda tena.

Bukuru na mimi tulimfuata Gishubi. Tulipanda hiace, tukamalizia kwa miguu, tukiuliza njia kwa watu wanaovuna maharage. Mama yake alikuwa mwanamke mkubwa, mcheshi, Kiswahili chake cha kule kambini Kigoma. Alitupokea kwa mikono miwili, akatukalisha kwenye benchi la kivulini.

"Karibuni wanangu. Ninyi ni nani?"

"Ni marafiki wa Devota, mama," nikasema. "Tunasoma naye."

Uso wake ulichanganyikiwa kidogo. Hakuwa na nia mbaya hata chembe. "Marafiki? Mbona yeye kaniambia hana?"

Bukuru akainama akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Devota alikuja kutoka shamba na jembe begani. Alitusalimu kwa heshima, kama unavyosalimu watu waliotumwa na ofisi. Alinawa, akapika ugali na isombe, yale majani ya muhogo, akatuwekea sahani, akatutilia maji ya kunawa, na hakukaa nasi. Tulikula mimi na Bukuru, mama yake akituzungumzisha, na Devota akiwa upande wa pili wa ua anapura maharage. Bukuru alijaribu. "Dada Devota, rudi tu, quand même. Mtihani iko karibu. Batu banakuuliza."

Fimbo ikasimama hewani. "Nani ananiuliza?"

Bukuru akajimegea ugali. Fimbo ikaendelea.

Alitusindikiza mpaka njia panda, kwa sababu alifundishwa adabu. Hatukumwona tena Gitega. Mafunzo yaliendelea bila yeye na bila mimi, na nasikia yalisifiwa sana. Ripoti iliandikwa kwamba wanafunzi wanalala vizuri.

Nilimaliza chuo, kazi sikupata, nikarudi Muyinga dukani kwa baba. Nilikuwa nimeshazoea kupima vitenge, utepe wa sentimita shingoni, siku meseji ilipoingia kutoka namba nisiyoijua. "Ni Devota. Nafundisha shule ya msingi Gashoho. Hii ndiyo namba yangu. Usimpe mtu." Gashoho si mbali nasi. Alikuja dukani, amenenepa kidogo, ameolewa na fundi seremala. Chuo alikuja kukimalizia kwingine, kwa kuchelewa. Hatukuongea ya zamani. Tangu hapo huja mara mojamoja, anachagua kitambaa, anakunywa chai na mama yangu, anarudi. Simu anayo, ndogo ya vibonye. Hatujawa tena wale wa chumba kimoja. Ila anakuja.

Mwaka jana, kiangazi, duka likiwa halina mteja, mzee mmoja alisimama mlangoni akiwa ameshika fremu ya mlango kwa mkono. Shati limefungwa mpaka kooni. Alikuwa amekonda mpaka kola imekuwa pana, na jicho moja limefunikwa na utando mweupe.

"Zuhura wa Muyinga," akasema. Sauti haikuzeeka hata kidogo. "Unalala?"

"Nalala, Mkufunzi."

Baba yangu hakumjua, lakini baba hapendi kuona mzee amesimama. "Karibu muzee, ingia, ikala hapa ku kiti. Zuhura, letea mugeni maji." Akatuachia nafasi, akaenda nyuma kupanga marobota.

Mkufunzi alikaa. Chuo kilikuwa kimemwachisha, alisema. Mafunzo siku hizi yanatolewa na kijana mmoja kupitia simu zenyewe. Hakulalamika. Alikuja Muyinga kwa dada yake aliyekuwa mgonjwa, akakumbuka kwamba baba yangu ana duka. Aliuliza habari za Bukuru, nikamwambia yuko Bujumbura, ana kipindi redioni. Kisha akaingiza mkono mfukoni akatoa kitu ambacho sikutegemea kukiona mikononi mwake. Simu.

"Niliinunua mwaka ule ule," akasema. "Namba yake alinipa Bukuru. Namwandikia kila Jumatano."

"Nani?"

"Devota."

Alinipa nisome, maana jicho lilikuwa linamsumbua. Nilitelezesha kidole juu, juu, juu, na hazikuisha. Miaka ya meseji, zote za upande mmoja, fupi, zenye makosa ya mtu anayechapa kwa kidole kimoja. Devota, umeamkaje. Devota, leo mvua imenyesha Gitega. Devota, nilidhani nakuokoa. Devota, dada yangu ni mgonjwa, namwogopea. Devota, niliona aibu yako nikaiita ukweli, nisamehe. Devota, sina mtu wa kumwambia haya.

"Hajibu," akasema. "Sikutaka ajibu. Lakini anasoma. Tazama, toka mwaka wa pili kila moja ina zile alama mbili za buluu. Nikiamka naziangalia. Najua amesoma."

Ningeweza kumrudishia simu yake na kumwongezea maji. Nilifikiria. Dada yake alikuwa mgonjwa, jicho lake lilikuwa linakufa, na zile alama mbili ndizo zilizokuwa zimembakia. Niliyafikiria yote hayo kwa utulivu kabisa, mgongo umenyooka.

"Mkufunzi," nikasema, "hii namba si yake. Laini aliivunja siku ile ile, akaitupa chooni. Niliona kwa macho yangu akiivunja."

Hakuelewa mara moja. "Anasoma," akasema tena.

"Kuna anayesoma. Si Devota. Namba ikikaa bila mtu wanampa mwingine."

Alichukua simu. Ilimchukua muda mrefu kuandika, na sikumsaidia. Aliandika: Samahani, wewe ni nani? Akaiweka juu ya kaunta kati yetu, tukaitazama wote wawili. Haikukawia. Mtu wa upande wa pili alikuwa macho, na alikuwa na furaha. Mkufunzi alinisogezea, akaniomba nimsomee, nami nikamsomea.

"Muzee wetu leo umeuliza! Huyu Devota sisi hatumujue. Namba nilinunua ku barabara. Mi niko wa taksi moto, ya pikipiki, hapa Giheta. Jumatano tunakusanyika bote, ninasoma kwa sauti, batu banacheka mpaka machozi. Iko mutu moja analia kweli. Usiache kuandika muzee, tunakusubiria."

Nilisoma bila kuruka neno. Mkufunzi alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama. Mikono yake ilikuwa magotini, viganja juu, na niliona vidole vyake vinakunjuka na kukunjika. Nje mwuza nyanya alikuwa anagombana na mteja. Nyuma baba anaburuta robota.

"Namba yake ya sasa unayo?" akauliza.

"Ninayo."

"Utanipa?"

"Hapana. Aliniomba nisimpe mtu."

"Hata mimi?"

"Wewe hasa."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mwalimu aliyepata jibu sahihi kutoka kwa mwanafunzi ambaye hakumtarajia. Alikunywa maji yake yote, akaweka glasi chini bila kuigonga, akanipa mkono. Nilidhani hatauachia mpaka nimtazame machoni. Aliuachia upesi. Mlangoni aligonga fremu kwa bega, upande wa jicho bovu, akaomba radhi kwa mtu ambaye hakuwepo, akashika njia ya parikingi ya mabasi.

Baba alitoka nyuma anajipangusa vumbi. "Ule muzee ameenda bila kuaga? Alikuwa anatafuta nini?"

"Kitambaa," nikasema. "Hatuna."

Baba hapendi kusikia neno hilo dukani mwake. Akaangalia rafu zake moja baada ya nyingine, akatoka mpaka barazani, akachungulia barabara kama mtu anayetaka kumkimbilia mteja. "Iko rangi gani? Niambie, nitamuagizia Bujumbura."

"Sikumuuliza," nikasema, nikachukua glasi nikaenda kuiosha.